Vifungo Vitano kwa Mlango wa Jikoni

Adhiambo nyara, binti yangu,

Ukirudi kutoka kwa shangazi yako utakuta hii karatasi juu ya televisheni, nimeikalishia mkasi wangu mkubwa ndiyo upepo usiichukue. Usishtuke, hakuna mtu amekufa. Ni mimi baba yako nimeandika, na kalamu ile ya kuandikia vipimo vya nguo. Ukiona mahali nimeandika kiuno badala ya neno lingine, jua ni mkono umezoea.

Mambo ya sabuni, ya kufunga pesa kwa kitambaa, ya wavulana wa huko Nakuru unakoenda na ya kula ushibe, shangazi yako amekuambia mpaka masikio yako yameota sugu. Mimi sina la kuongeza hapo. Mimi nataka kukuambia vile nimekuwa mjinga miaka kumi na moja. Na wewe unanijua, mimi sikubali ujinga hivi hivi, kwa hivyo soma polepole. Hii barua haitoki mara mbili.

Utaniuliza, Baba, kwa nini uandike na mdomo unao? Kwa sababu huo mdomo unaujua. Nikianza kusema, samaki ya kilo mbili inakuwa ya kilo kumi kabla sijafika mkiani. Haya maneno ya leo sitaki yaingie chumvi. Karatasi inanishika mkono kidogo.

Sasa keti. Nikuambie ukweli wa hii televisheni.

Wewe umekua ukisikia nikisema niliinunua kukomesha majirani. Na niliwakomesha, hiyo sikatai. Siku niliitoa Kondele nikaileta Migosi kwa mkokoteni, nilimwambia mwenye mkokoteni asipite njia fupi. Azunguke. Tulizunguka mpaka yule mtu akaniuliza, "Mzee, tunatafuta nyumba yako ama tunaitangaza?" Nikamwambia, "Wewe sukuma." Kwa hii laini yetu yote ya nyumba ilikuwa TV ya rangi ya kwanza. Wengine walikuwa na zile za nyeusi na nyeupe, za betri ya gari, betri ikichoka mtu anasoma habari huku anapungua pungua kama sabuni.

Na nikaiweka wapi? Mtu mwenye akili angeiweka kwa ukuta wa ndani, watu wa nyumba waone. Mimi nikaiweka ikiangalia barabara. Mlango wazi, pazia nimerusha juu, saa nane ya mchana, jua la Kisumu linaingia mpaka chini ya meza. Nikawasha. Picha ikatoka imepauka kama kaptula ya shule ya muhula wa tatu. Roho yangu ikakauka. Watu wamesimama hapo nje wanangoja, na mimi nimeshapiga domo wiki mbili.

Basi nikashika zile nobu tatu ziko chini ya kioo. Ya rangi nikazungusha mpaka ikagoma. Ile fundi Wekesa anaita kontrasti, hiyo pia mpaka ikagoma. Ile ya mwangaza nikairudisha chini, chini, mpaka kitu nyeusi ikawa nyeusi kama matako ya sufuria. Hapo sasa! Nyasi ya uwanja wa mpira ikawa kijani, ng'ombe angeingia kula. Watu wa kule nje wakashangaa, "Yawa!" Jirani mmoja tu, yule wa mlango wa pili mwenye wivu, ndiye alichungulia, akaniita kwa jina la dada yako, akauliza, "Baba Awuor, huyu mtu wa habari ameumwa na nyuki?"

"Hiyo ndiyo rangi," nikamwambia. "Wewe umezoea majivu."

Na kutoka siku hiyo sikugusa tena. Nikaitwa kila mahali kuseti TV za watu. Migosi, Kondele, mpaka kule Otonglo nyuma ya soko. Mtu akinunua TV, kabla alete mchungaji kuombea, analeta Otieno kuseti. Nilikuwa nafika, nazungusha zote mpaka zigome, nakunywa chai, naenda. Fundi!

Unakumbuka nguo za kwaya? Ulikuwa mdogo, lakini lazima unakumbuka vile tulikula dagaa, omena tupu, mwezi mzima. Mwenyekiti wa kwaya alikuja dukani akaniambia, "Baba Awuor, Jumapili kwa TV kuna kwaya ilikuwa imevaa majoho mazuri, na sisi tunataka kama hayo." Nikamwambia, "Mama, umefika kwa mwenyewe." Jumapili nikaangalia kwa TV yangu hii. Nikaona nyekundu ya moto. Nikanunua kitambaa nyekundu ya moto, nikashona majoho ishirini na mawili, nikapiga pasi, nikapeleka mwenyewe kifua mbele. Yule mama akafungua moja. Akafungua ya pili. Akaniuliza, "Hii ni kwaya ama ni watu wa kuzima moto?"

Majoho yakanirudia yote. Kumbe ilikuwa damu ya mzee. Ile nyekundu iliyotulia, yenye heshima. Kila mtu Kisumu aliiona hivyo isipokuwa mimi na wale watu nilikuwa nimewasetia. Na unajua nilisema nini? Nilisema TV yao ndiyo imezeeka.

Sawa, umecheka. Sasa nikuambie ile kitu sijawahi kuambia mtu.

Sikununua TV ya kukomesha majirani. Nilinunua kwa sababu ya ile kanda.

Unaijua kanda, umeiona mara nyingi kuliko kitabu cha shule. Ile ya siku wakwe walikuja kule nyumbani Otonglo kwa ajili ya dada yako Awuor. Shemeji yako, na ile kazi yake ya Mombasa, alikuja na rafiki amebeba kamera kwa bega kama mtu amebeba mtungi. Huyo rafiki alipotea njia, akafika tumeshasalimiana, kwa hivyo alishika tu pale wanaume wamekaa kwa hema, na mimi nimesimama naongea. Walituachia kanda, moja tu, hakuna ingine. Na mahali pa kuiona hatukuwa napo. Ikakaa kwa sanduku. Mwaka uliofuata Mama yako akaondoka duniani, na wewe hata miaka mitano hujafika.

Adhiambo, sisi hatukuwa watu wa picha. Mama yako ana ile ya kitambulisho tu, ameikasirikia kamera kama imemkanyaga. Basi nikawaza, kwa ile kanda lazima ako mahali. Lazima alipita. Nikashona usiku na mchana miaka miwili, nikauza na cherehani moja, nikanunua TV, nikanunua na deki ya kuchezea kanda, ya mkono wa pili. Siku ile ya kwanza, watu wa nje walipotawanyika, niliweka kanda nikiwa peke yangu. Nikaiangalia mpaka mwisho. Nikairudisha. Nikaiangalia tena.

Hakuwako.

Niliona mimi, mimi, mimi, wakwe, kuku, mimi. Nyuma yangu mlango wa jikoni, mweusi ti. Sasa mtu afanye nini? Ameuza cherehani moja kununua giza. Kesho yake nikafungua mlango, nikarusha pazia, nikaita watu waje kuona vile mimi naongea mbele ya wakwe. Ndiyo nikaanza kuringa na hiyo kanda. Kuringa ilikuwa rahisi.

Na wewe ukaanza kuuliza. Mara ya kwanza ulikuwa umesimama na vidole kwa mdomo. "Baba, Mama ako wapi hapa?" Nikasema alikuwa jikoni, hakutoka hata mara moja, kuku haziwezi kujipika. Ukauliza tena ukiwa darasa la pili. Nikajibu vile vile. Mara ya tatu ndiyo inaniuma.

Ulikuwa na miaka kumi. Wekesa, yule fundi wa redio wa Kondele, mtu wa Kakamega anayekula ugali yangu na kuitukana, alikuwa amekuja kurekebisha antena. Kanda ilikuwa inacheza. Akasimama akaangalia, akasema, "Otieno, kwa huo mlango kuna watu."

"Mlango ni giza tu."

"Na hivyo vidoti vyeupe ni nini?"

Unavikumbuka vile vidoti. Vitano, vimepangana juu chini pale kwa mlango, vinne vyeupe na kimoja kama jicho la paka. Siku zote niliambia watu ni uchafu, kanda imeliwa na mende.

"Ni uchafu wa kanda," nikamwambia.

"Uchafu gani huo unainama na kusimama?" Wekesa akauliza. "Niachie hizo nobu dakika mbili. Umepaka watu lipstiki na umezima taa."

Na wewe ukasema, polepole, nakumbuka sauti: "Baba, mwache aangalie."

Watu walikuwa mlangoni, nyara. Watu wa kunisifu. Nikamwambia Wekesa kama anataka kuseti televisheni akanunue ya kwake, na kwao Kakamega stima ikifika anipigie simu. Watu wakacheka. Wekesa akabeba koleo yake akaenda. Wewe ukaenda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa vimeshaoshwa. Na hukuuliza tena. Juzi tu, ukikunja nguo, nilisikia ukimwambia shangazi yako, "Mimi nafanana na Baba tu, kitu ya Mama sina hata moja." Ukasema ukicheka. Mimi nilikuwa kwa cherehani, nikajifanya uzi umekatika.

Sasa jana. Sauti ya TV ilikuwa imekufa, na nilitaka uondoke nyumba ikiwa na kelele yake. Nikamwita Wekesa. Akaja, maana huyo mtu hana kinyongo, ana njaa tu. Akashughulika huko nyuma, sauti ikarudi. Alafu kabla nimzuie, akafunga mlango. Akateremsha pazia.

"Unafanya nini?"

"Naseti picha. Wewe funga huo mdomo."

Akachukua nobu ya rangi akairudisha yote, sifuri. TV yangu ya rangi ikawa nyeusi na nyeupe kama za wale maskini wa betri. Nikaruka. "Wekesa, umeniua!"

"Keti. Kwanza unatafuta mtu amevaa koti nyeusi. Unapandisha mwangaza polepole mpaka uone mfuko wa koti. Mfuko ukionekana, unasimama. Alafu unaangalia shati nyeupe. Hiyo kontrasti unapunguza mpaka kola ionekane. Rangi inakuja mwisho, na inakuja kidogo kidogo, ukiangalia uso wa mtu unayemjua."

Adhiambo, mimi ni mshonaji. Mtu akiniletea suti nyeusi kuziba, mimi sichagui uzi juani. Juani nyeusi zote ni moja. Natoka naenda kivulini nyuma ya duka, hapo ndiyo unaona hii ni nyeusi ya bluu, hii ni nyeusi ya kahawa. Nimefundisha watu hiyo kazi. Na nyumbani kwangu nimeseti picha juani, mlango wazi. Niliiseti kwa ajili ya watu wa barabarani. Nyinyi wa ndani nikawawekea giza.

Lakini jana sikuwa nimefika hapo bado. Jana nilikuwa nabisha. Picha niliiona imepoa kama chai imesahauliwa. Nikasema, "Leta kanda ya wakwe, hiyo naijua kwa moyo, nikuonyeshe vile umeharibu." Nikasukuma kanda. Nikatokea mimi pale kwa hema, mikono juu.

"Haya," akasema Wekesa, "huyo si unamjua? Ongeza rangi mpaka afanane."

Nikaongeza kidogo. "Kumbe mimi ni mweusi hivi?"

"Wewe ni mweusi kuliko hivyo. Nimekuonea huruma."

Nikataka kumjibu. Jibu lilikuwa tayari, zuri sana, lingemuuma mpaka Krismasi. Ndiyo nikaona vifungo.

Ile nguo niliishona mimi. Bluu nzito, ya siku ya wakwe. Vifungo vyeupe vilikuwa vinne tu dukani, cha tano nikaweka cha manjano, na Mama yako alinisema kwa hicho kifungo kuanzia asubuhi mpaka wageni wakafika. Miaka kumi na moja nimeangalia vifungo nilivyoshona kwa mkono wangu nikiviita mende.

Alikuwa amesimama kwa mlango wa jikoni. Siku yote. Kitambaa kichwani, mwiko kwa mkono.

Sasa sikia vile ako, nakupa bila chumvi, na ukiona nimeongeza utanisema mwenyewe. Ile sehemu unajiona umevaa rinda la njano, unakimbia bila viatu, unaingia kwa giza unapotea, alafu unatoka na mguu wa kuku. Tulikuwa tunacheka, tunasema huyu mtoto ameiba. Hukuiba. Ulikimbia ukamgonga magoti. Akainama, hapo ndiyo vidoti vilikuwa vinainama, akakupangusa kamasi na pindo ya ile nguo mpya, ile niliyoshona wiki nzima. Akachagua kuku, akapuliza ipoe, akakupa. Ukageuka kuondoka, akakuvuta nyuma kwa rinda akakufunga kamba ya kiuno. Alafu akakusukuma matako uende. Yote hiyo iko hapo. Urefu wake ni kama umevuta pumzi mara tano hivi.

Na hiyo siyo mwisho.

Unajua mimi hapo mbele nafanya nini. Najisifu, vile sisi tunafanya mbele ya wageni, pakruok yenyewe. Naambia wakwe habari ya ile samaki, ile mbuta nilivuta ziwani Dunga kwa mkono. Nafungua mikono kuonyesha ukubwa. Na wakwe wanacheka sana, na mimi nimeringa na hicho kicheko miaka yote, naambia kila mtu, ona vile niliwashika wale watu!

Nyara, walikuwa hawanichekei mimi. Nyuma yangu Mama yako alikuwa ananiiga. Nikifungua mikono, yeye anafungua. Nikiongeza kidogo, yeye anaongeza mpaka mwiko unagonga mlango. Mkono wa kushoto ameuinua juu kuliko wa kulia, shingo ameivuta kama jogoo. Wanawake huko ndani wanaanguka kwa kicheko. Na mimi sijageuka hata mara moja. Kanda yote nimempa mgongo.

Wekesa alicheka mpaka akakaa chini. Alafu akaniangalia, akaacha, akasema anaenda kutafuta waya. Hakuna waya alikuwa anatafuta.

Wewe unafikiri sikujui? Tangu ukiwa mdogo, nikianza hadithi kwa wageni, unasimama nyuma ya kiti yangu unafanya hivyo hivyo. Nimekuona kwa kioo ya kabati. Mkono wa kushoto juu kuliko wa kulia. Shingo ya jogoo. Nilikuwa najiuliza, huyu mtoto amefundishwa na nani? Awuor hafanyi. Shangazi yako hafanyi. Sasa rudia kumwambia shangazi yako ati huna kitu ya Mama.

Sikuambii uishi aje huko Nakuru. Utakutana na watu wamepandishwa rangi mpaka wamegoma, utawapenda, mimi mwenyewe nilikuwa mmoja wao na nilipendwa. Ukiona umeanza kuringa na mahali fulani pana giza, niandikie. Nitakutumia Wekesa na koleo yake, ukimlisha.

Kanda iko ndani ya deki. Nimeirudisha mpaka pale rinda la njano linaanza kukimbia. Pazia nimeteremsha. Mlango nimeufunga, watu wa barabarani watafute televisheni yao. Hizo nobu nimezichora na chaki ya kushonea mahali zimesimama, kwa hivyo usizungushe kitu. Bonyeza tu.

Mimi niko hapa nje kwa ngazi, nafunga sanduku lako na kamba ambayo nimeifunga mara nne. Ukimaliza, toka uniambie umeona nini, kama nimeongeza chumvi ama sikuongeza. Nitakuwa naambia jirani wa mlango wa pili habari ya ile mbuta. Simama nyuma yangu, uniige vile unapenda.

Safari hii nitageuka.

Baba yako,
Otieno